Neno kwa Akina Baba, Neno kwa Watoto

Ndani ya Amri Kumi imo sentensi ambayo wahubiri wengi huipita upesi, na wengine huitumia kutishia. Ni ile ya Kutoka 20:5, pale Mungu anapokataza sanamu. Anajitaja kuwa mwenye wivu, na anasema uovu wa wazazi ataufuatilia mpaka kwa wajukuu na vitukuu. Akiisikia, mtu aliyeketi kanisani haendelei kujipima kwa matendo yake mwenyewe. Anaanza kuwahesabu wazee wake. Na nani asiye na babu aliyekosea?

Katika makanisa mengi ya Tanzania na Kenya sentensi hiyo imekuwa msingi wa mafundisho ya laana za ukoo. Dada ambaye hajajaliwa mtoto, kijana ambaye kila kazi anayoishika inaharibika, familia ambayo wanaume wake hufa kabla ya uzee: wote huambiwa wachunguze waliyoyafanya waliotangulia. Huulizwa kama babu alikuwa mganga, kama bibi alitambikia mizimu, kama kuna damu iliyomwagwa na haikulipiwa. Wanaouliza na wanaojibu si wajinga. Wanajua kwa kuishi kwamba ulevi wa baba humwachia mtoto alama, na kwamba ugomvi wa mipaka hurithiwa pamoja na shamba lenyewe. Ndiyo maana kifungu hiki kinahitaji fundi.

Nawaheshimu sana wafafanuzi wa Maandiko wanaokaa na kifungu cha namna hii bila kukikimbia na bila kukilainisha. Kazi yao haionekani. Jumapili tunasikia mahubiri ya nusu saa. Hatuoni siku za kusoma na kusoma tena, itifaki ya Biblia iliyofunguliwa mezani, rejea za pembeni zilizofuatwa moja moja, maelezo ya walimu wa kale yaliyopimwa na pengine kukataliwa. Nataka kuifuata kazi hiyo hatua kwa hatua juu ya kifungu hiki kimoja, maana hapa ustadi wao unaonekana wazi, na hapa ndipo kusoma vibaya kunapoumiza watu.

Mfafanuzi huanza na jambo linaloonekana dogo: anaisoma sentensi mpaka mwisho. Wengi huishia kwenye kizazi cha nne. Lakini sentensi inaendelea kuwataja wanaomchukia Mungu, na mstari wa 6 unaongeza kwamba rehema yake huwafikia maelfu ya wanaompenda na kuzishika amri zake. Rashi, mwalimu wa Kiyahudi wa mji wa Troyes huko Ufaransa (1040–1105), alirudia hesabu ambayo walimu waliomtangulia walikwisha kuifanya: adhabu inafika vizazi 4, rehema inafika walau vizazi 2,000, basi wema unaushinda ukali mara 500. Nyuma ya hesabu hiyo kuna usomaji makini. Rashi hakukubali nusu ya kwanza ya tamko isimame peke yake huku nusu ya pili imeachwa.

Hao wanaomchukia ni nani? Ni baba waliotenda, au ni wana waliokuja baadaye? Sentensi yenyewe inaweza kusomwa kwa njia zote mbili, na mfafanuzi mzuri haogopi kusema hivyo. Tafsiri ya kale ya Kiaramu iitwayo Targum Onkelos ilichagua upande: iliongeza maneno ya kueleza kwamba wanaoadhibiwa ni watoto waasi, wanaoendelea kutenda dhambi kama baba zao. Talmudi nayo, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, katika Berakhot 7a inafundisha kwamba mtoto huhusika pale anapoyashikilia matendo ya baba yake. Jibu hilo linapendeza, na wahubiri wengi hulitumia hadi leo. Hata hivyo mfafanuzi hapumziki hapo. Anawajua watoto wanaoteseka kwa makosa ya wazazi ambayo hawakuyatenda wala kuyataka. Akilifunga jambo mapema mno, atakuwa amewaambia watoto hao kwamba mateso yao hayapo, au kwamba wameyataka wenyewe.

Hatua ya pili ni kuingia nyumbani. Kwa nini kizazi cha tatu na cha nne, si cha saba wala cha kumi? Jibu limo ndani ya Biblia yenyewe. Mwanzo 50:23 inaeleza kwamba Yusufu aliwaona watoto wa Efraimu wa kizazi cha tatu, na Ayubu 42:16 inaeleza kwamba Ayubu aliwaona wazao wake mpaka vizazi vinne. Hao ndio wazao ambao mzee aliyejaliwa umri mrefu huweza kuwaona kwa macho yake. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vijiji vya milima ya Israeli vya kati ya mwaka 1200 na 1000 KK, wakakuta nyumba ndogo zilizojengwa kwa makundi kuzunguka ua mmoja, makao ya watu wa ukoo mmoja. Msomaji aliyekulia kwenye mji wa babu yake, ambako nyumba za baba wakubwa na baba wadogo hutazamana na mtoto hula popote chakula kinapomkuta, hahitaji maelezo marefu. Mwenye mji akiingiza sanamu, ameiingiza kwa wote. Mtoto atazaliwa aikute, atafundishwa kuiinamia kabla hajajua kukataa.

Hapo sentensi inaanza kusikika tofauti. Inasema na mwenye mji, mtu mzima mwenye uwezo wa kuamua nyumba yake iabudu nini. Inamwambia kwamba atakachoamua hakitaishia kwake. Akijaliwa kuishi, atakiona kikiwafika wajukuu wake.

Hatua ya tatu ni kutambua aina ya maneno yenyewe. Amri Kumi ni maneno ya agano, na maagano ya ulimwengu ule yalikuwa na desturi zake. Mwaka 672 KK Esarhadoni, mfalme wa Ashuru, aliwaapisha watawala waliokuwa chini yake kwamba watamtii mwanawe Ashurbanipal atakapokirithi kiti. Vibao vya udongo vyenye kiapo hicho vilipatikana Nimrud, nchini Iraki, mwaka 1955. Kiapo kiliwafunga waapaji pamoja na wana na wajukuu wao, na laana za kukivunja ziliwahusu wote. Kiliwataka pia wampende mrithi huyo. Mwaka 1963 mtaalamu William Moran alionyesha kwamba kupenda, katika viapo vya aina hiyo na katika Kumbukumbu la Torati vilevile, maana yake ni kuwa mwaminifu kwa yule uliyemwapia. Kumchukia, basi, ni kumwasi.

Kwa hiyo Kutoka 20:5 ni onyo la kiapo. Onyo hutolewa kabla ya tendo, kwa mtu ambaye bado anaweza kuchagua. Linatazama mbele. Anayeligeuza litazame nyuma, akalifanya kipimo cha kutambua kwa nini fulani hana mtoto au fulani hana kazi, amelipa kazi ambayo halikupewa. Neno lililotolewa ili limzuie baba linaishia kumshtaki mtoto.

Mwenye haraka angefunga kitabu hapo. Mfafanuzi anajua kwamba ukili mmoja si mkeka, basi anatafuta mahali pengine ambapo maneno haya yameshonwa. Katika Kutoka 34, baada ya dhambi ya ndama wa dhahabu, anayakuta yamepangwa upya: rehema imetangulia, na adhabu ya vizazi imekuja mwisho. Katika Hesabu 14 Musa anamrudishia Mungu maneno hayohayo, pamoja na ile sehemu ya kutisha, huku akiwaombea msamaha watu walioasi. Yoeli 2, Yona 4 na Zaburi 103 zinaitaja rehema na kunyamaza kuhusu vizazi. Kisha katika Kumbukumbu la Torati 7:9-10 jambo kubwa zaidi linatokea. Rehema inafika vizazi elfu, lakini anayemchukia Mungu analipwa yeye mwenyewe. Wana hawatajwi kabisa. Michael Fishbane, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu jinsi Biblia ya Kiebrania inavyojifafanua yenyewe, aliifuatilia kwa kina mifano ya aina hii. Inatufundisha kwamba waliotuachia Maandiko walikuwa tayari wanahangaika na maneno haya kama tunavyohangaika sisi.

Mahakama nazo zilikuwa na msimamo wao. Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza mtoto kuuawa kwa kosa la baba, na 2 Wafalme 14 inasimulia jinsi mfalme Amazia alivyowaua watu waliomuua baba yake, akawaacha hai watoto wao kwa kuiheshimu sheria hiyo. Hesabu 26:11 ni mstari mfupi ambao ni rahisi kuuruka: unasema wana wa Kora hawakufa. Kora alimwasi Musa na ardhi ikammeza. Lakini Zaburi kadhaa, kama ya 42 na ya 84, zimebeba jina la wana wa Kora. Ukoo wa mwasi ukawa ukoo wa waimbaji wa hekaluni.

Lakini uaminifu wa mfafanuzi hupimwa kwa vile anavyovitendea vifungu visivyomsaidia. Akani, katika Yoshua 7, aliangamia kwa kosa lake pamoja na wanawe na binti zake. Katika 2 Samweli 21, wana na wajukuu saba wa Sauli walikabidhiwa kwa Wagibeoni wauawe, kwa damu aliyoimwaga Sauli. Sura ya 24 ya 2 Wafalme inasema Yuda ilipatwa na msiba wa Babeli kwa sababu ya dhambi za Manase, mfalme aliyekwisha kufa miaka mingi kabla. Mfafanuzi mwaminifu havifichi. Anaviweka mezani pamoja na vingine, na anakubali kwamba Biblia inaujua uchungu wa mtu kuangukiwa na kosa asilolitenda. Uchungu huo ndio unaomfikisha kwa Ezekieli.

Mwaka 597 KK Nebukadreza alimchukua mfalme Yehoyakini na maelfu ya watu wa Yerusalemu, akawapeleka Babeli. Miongoni mwao alikuwemo Ezekieli, mtu wa ukoo wa makuhani, aliyekaa na wenzake karibu na mto Kebari. Wenzake hao walikuwa na msemo, ambao Yeremia naye anautaja: wazazi ndio waliokula zabibu mbichi, lakini ganzi ya meno imewashika watoto. Haukuwa msemo wa kipuuzi. Kama msiba umetoka kwa Manase, wao wanalipia nini isipokuwa deni la marehemu? Lakini mfafanuzi anasikiliza ni nani anayesema. Wanaosema ni watoto. Na wakishausema, hakuna kilichobaki cha kufanya: kosa si lao, adhabu ni yao, na kesho yao imekwisha kuamuliwa na watu waliokufa.

Sura nzima ya 18 ni jibu kwa msemo huo, na imejengwa kwa ustadi mkubwa. Ezekieli anazungumza kama kuhani anayeamua kesi. Mtu wa kwanza ni mwenye haki: haabudu sanamu, hamdhulumu mtu, humrudishia mdaiwa rehani yake. Wa pili ni mwanawe, mnyang'anyi na mmwaga damu. Wa tatu ni mjukuu, anayeziona dhambi zote za baba yake na asizitende. Angalia kuhani huyu amefanya nini. Ameuchukua mlolongo uleule wa vizazi uliokuwa ukiwatisha watu, akaupitisha mbele yao mmoja baada ya mwingine, na kila kizazi kimehukumiwa kwa maisha yake chenyewe. Mjukuu ndiye kilele. Nabii hasemi kwamba kijana huyo alizaliwa katika nyumba safi. Anasema alifumbua macho akaiona nyumba aliyozaliwa jinsi ilivyo, kisha akachagua njia nyingine.

Wasikilizaji walibisha, na Ezekieli amehifadhi ubishi wao. Katika mstari wa 19 wanauliza kwa nini mwana asiubebe uovu wa baba. Katika mstari wa 25 wanalalamika kwamba Bwana hatendi sawa. Watu wale walikuwa wameng'ang'ania imani inayowafunga, na kufunguliwa kukawakera. Nadhani naelewa kwa nini. Anayehukumiwa kwa matendo yake mwenyewe hana tena mzee wa kumsukumia lawama.

Je, Ezekieli amemkanusha Musa? Katika Talmudi, Makkot 24a, Rabi Yose bar Hanina anasema waziwazi kwamba Musa alitoa matamko manne na manabii wanne wakaja kuyatangua, na hili la vizazi alilitangua Ezekieli. Berakhot, kama tulivyoona, inatafuta upatanisho. Waliokusanya mafundisho hayo waliziacha sauti zote mbili zisikike, na hilo ni somo la ufundi: hukumu isiyo wazi haifichwi kwa kumnyamazisha mmoja. Wakristo nao waliirudia kazi hiyo. Yeronimo, mwalimu wa Kanisa la kale, alikuwa Bethlehemu akijiandaa kumfafanua Ezekieli habari za kutekwa kwa Roma mwaka 410 zilipomfikia. Calvin, mwanamageuzi wa Kanisa, alimfundisha Ezekieli huko Geneva katika miezi yake ya mwisho, akaishia sura ya 20, akafa mwaka 1564. Nabii aliyesema na watu waliopoteza mji wao alisomwa na mtu aliyekuwa akiomboleza mji, na mwingine aliyekuwa akiukaribia mwisho wa maisha yake.

Naamini njia bora ya kuyashika maneno ya Musa na ya Ezekieli kwa pamoja ni swali ambalo hatua zote hizi zimekuwa zikilielekea: neno hili lilisemwa kwa nani? Musa anasema na akina baba, wenye mamlaka juu ya nyumba, kabla hawajatenda. Ezekieli anasema na watoto, baada ya madhara kuwafika. Baba anayekunywa ada ya shule akiambiwa kwamba kila mtu atahukumiwa kwa lake, amepewa udhuru. Binti yake akiambiwa kwamba uovu wa wazazi hufuata vizazi, amepewa kifungo. Yabadilishe maneno hayo: mpe baba neno la Kutoka, mpe binti neno la Ezekieli, na kila mmoja atakuwa amesikia kweli inayomhusu. Ustadi wote wa kufafanua unaweza kuharibika mwishoni kwa kukosea mlango wa kubisha.

Yohana 9 inaonyesha kosa hilo likitendeka. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanamuuliza Yesu dhambi ni ya nani, ya mtu huyo au ya wazazi wake. Wameligeuza onyo litazame nyuma. Yesu anayakataa majibu yote mawili, kisha anamponya. Wazazi wenye watoto walemavu au wenye ualbino wanalijua swali la wanafunzi wale. Wamelisikia kwa majirani na hata kwa ndugu wa damu. Wanastahili kulisikia na jibu lake pia, kutoka mimbarani.

Mfafanuzi akifika kwa mtu mwenyewe, kazi yake inahitaji subira kuliko yote aliyoyafanya mezani. Mama anamfuata baada ya ibada: "Baba Mchungaji, marehemu babu alikuwa mganga. Je, ndiyo maana nyumba yangu haitulii?" Jibu la haraka, la ndiyo au la siyo, litamkosea. Kuna yaliyomfikia kweli kutoka kwa waliomtangulia: pengine shamba lililouzwa, pengine hofu aliyofundishwa utotoni, pengine ndugu wasiosemezana tangu msiba wa zamani. Kuyakana hayo ni kumwambia uongo. Maombolezo 5 inaonyesha namna ya kuyatamka. Mstari wa 7 unalia kwamba baba walitenda dhambi na wametoweka, na waliobaki wameachiwa mzigo. Mistari tisa mbele, watu walewale wanakiri kwamba wao pia wametenda dhambi. Shairi moja limeyabeba yote mawili, maumivu ya kurithi na wajibu wa mtu mwenyewe, na halikumlazimisha anayelia achague moja. Mchungaji anayemsomea mama huyo sura hiyo polepole, akamwacha aseme, amefanya kazi ambayo maombi ya kelele ya usiku kucha hayawezi kuifanya.

Makanisa yetu yawape wafafanuzi wa namna hii muda na vitabu, na uhuru wa kusema kwamba bado wanasoma. Mhubiri anayetakiwa kuwa na jibu kali kila Jumapili hataweza kuisoma sentensi mpaka mwisho. Hataenda Kumbukumbu la Torati 7 kuangalia kilichoachwa, wala Hesabu 26 kuutafuta ule mstari mfupi. Atachukua kizazi cha tatu na cha nne, awatie watu hofu, na hofu itaonekana kama imani.

Na mtu anayetaka kujua mnyororo wa ukoo unakatwaje, Ezekieli amekwisha kumwelekeza. Mjukuu wa sura ya 18 hatakiwi kuyataja majina ya wafu wala kununua kitu chochote. Mistari ya 16 na 17 inaorodhesha alichofanya: hakumdhulumu mtu, hakuizuia rehani, alimpa mwenye njaa chakula, alimvika aliye uchi, hakutoza riba. Kwa hayo nabii anatoa hukumu, mbele ya watu waliokuwa na hakika kwamba wamekwisha: kijana huyu hatakufa kwa uovu wa baba yake. Ataishi.